Kisiki hai, mche wa kitalu au ngitili: uchague kipi kwa ardhi kame?

Kikundi cha wakulima kikipata fedha kidogo za kurudisha uoto, kitu cha kwanza kinachokimbiliwa ni kitalu. Viriba vinajazwa, bango linasimikwa, mgeni rasmi anapanda mche wa kwanza na kupigwa picha. Ikifika Oktoba mche umebaki kijiti. Kupanda miti si kosa. Lakini katika mikoa kama Dodoma, Singida na Shinyanga, au kaunti za Kitui na Makueni, kupanda ni njia moja kati ya tatu, na kwa kawaida ndiyo inayokula fedha na maji kuliko zote. Ya pili ni kulea machipukizi ya visiki vilivyomo ardhini tayari, njia ambayo nchini Tanzania inajulikana kwa jina la kisiki hai. Ya tatu ni kufunga malisho wakati wa mvua na kuyafungua kiangazi, yaani ngitili ya Wasukuma.

Swali ambalo vikundi huuliza ni "tupande mti gani?" Yapo mawili yanayotangulia hilo: chini ya udongo wenu kuna nini, na mifugo inapita wapi baada ya mavuno?

Anza na kamba ya mita 20

Nenda shambani Agosti au Septemba, mabua yakiwa yameondoka. Pima mraba wa mita 20 kwa 20, ambao ni karibu sehemu ya kumi ya ekari, kisha hesabu kila kisiki chenye machipukizi, hata yale yaliyotafunwa na mbuzi yakabaki mafupi kama mswaki. Chipukizi likionekana kavu, kwangua ganda kwa ukucha; ukikuta ukijani, mzizi uko hai. Rudia mahali patano au zaidi, bila kuchagua penye vichaka tu, halafu tafuta wastani.

Wastani wa visiki vinne kwa mraba ni visiki 40 kwa ekari, sawa na mti mmoja kila mita 10. Kwa shamba la nafaka huo ni wingi wa kutosha, na kununua miche ya porini juu yake ni kupoteza fedha. Ukipata kimoja au viwili, utachanganya njia. Ukipata sifuri, kama ilivyo kawaida mahali ambapo trekta la plau ya diski limepita miaka mingi likang'oa mizizi, basi kisiki hai hakipo. Utapanda, au utachimba mashimo ya maji na kuziacha mbegu zilizomo kwenye samadi ziote humo.

| | Kisiki hai | Mche wa kitalu | Ngitili |
|---|---|---|---|
| Cha kuanzia | Panga kali au msumeno wa kupogolea, vitambaa vya alama | Mbegu, viriba, samadi, maji, uzio | Mipaka iliyokubaliwa, sheria ndogo, walinzi |
| Kazi nzito iko lini | Kiangazi, Julai hadi Oktoba | Mwaka mzima, hasa viangazi viwili vya kwanza | Siku ya kufunga na siku ya kufungua |
| Maji ya kumwagilia | Hakuna | Lita 10 hadi 20 kwa mche kila wiki | Hakuna |
| Faida ya kwanza | Kuni mwaka wa kwanza, fito baada ya miaka 2 hadi 3 | Mbaazi (zisizohitaji kitalu) msimu uleule; embe ya kubebesha miaka 3 hadi 4; mbao miaka 10 hadi 15 | Malisho kiangazi kilekile |
| Kinachoua | Jembe la kibarua, moto, mifugo ya holela | Ukame, mchwa, mbuzi | Kufunguliwa mapema, upendeleo |

Kisiki hai

Mche wa kitalu huingia ardhini na mzizi usiozidi urefu wa kiriba chake. Kisiki cha mgunga au mkwaju kilichokatwa miaka kumi iliyopita kina mizizi ya mita kadhaa inayogusa unyevu ambao mche hautaufikia kwa miaka. Ndiyo maana chipukizi lake laweza kupita kimo cha mtoto katika msimu mmoja bila tone la maji ya ndoo. Tofauti hiyo ndiyo aliyoishtukia Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, huko Maradi nchini Niger mwaka 1983. Miche mingi iliyokuwa ikipandwa ilikufa, na vile vilivyodhaniwa kuwa vichaka vya jangwani vikawa ni miti iliyokuwa ikifyekwa kila mwaka. Leo mashamba yenye miti iliyolelewa hivyo kusini mwa Niger yanakadiriwa kufika hekta milioni 5, na kazi hiyo ilifanywa na wakulima wenyewe kwa panga.

Kazi yenyewe ni hivi. Kwenye kisiki chenye machipukizi kumi au ishirini, chagua mawili hadi matatu yaliyonyooka, manene kuliko mengine na yaliyoshika vizuri karibu na ardhi. Chipukizi lililochomoza juu kabisa ya kisiki kirefu hukatika kwa upepo, hivyo lipite. Mengine yote yakate karibu na kisiki, panga likitoka chini kwenda juu, mkato uwe wa mshazari ili maji yateremke. Ukipiga kutoka juu kwenda chini utachana ganda hadi kwenye shina ulilotaka kuliacha. Kisha pogoa matawi ya pembeni ya hayo uliyoyachagua, lakini nusu ya chini tu. Anayepogoa hadi kubakiza kishungi juu anapata mti mwembamba unaolala mvua ya kwanza ya upepo.

Funga kitambaa cha rangi kali. Alama hii wengi huiona ya mapambo, kumbe kwa shamba linalolimwa na vibarua ndiyo ulinzi wa kwanza. Kibarua analipwa kwa eneo, ana haraka, na kwake chipukizi la sentimita 40 katikati ya mtama ni gugu. Kitambaa hupauka na kuokotwa na watoto, kwa hiyo rangi ya mafuta kwenye kisiki inadumu zaidi. Matawi ya miiba uliyoyakata yazungushe kisiki. Mbuzi atasita, na yakioza yatarudi udongoni.

Rudi baada ya miezi mitatu au minne. Kisiki hakijui kwamba umechagua. Kitaendelea kutoa vijana pembeni, nao usipowakata watanyonya walioteuliwa. Kuanzia mwaka wa pili au wa tatu kata shina moja kwa fito au kuni na uache chipukizi jipya lichukue nafasi yake. Hivyo kisiki kimoja kinatoa kila mwaka bila kufa.

Sasa yanayoharibika. La kwanza ni moto wa kusafisha shamba Oktoba: unaua kazi ya kiangazi kizima kwa saa moja. La pili ni kukosea aina. Mtunduru huchipuka kuliko mti mwingine wowote, na ukiuachia kila kisiki utapata kichaka cha miiba badala ya shamba. Uache michache pembezoni kwa ajili ya fito na kuni, mingine ikate. La tatu ni kivuli. Mtama na uwele huvumilia kivuli chepesi cha mgunga uliopogolewa. Alizeti haivumilii, itarefuka na kutoa kichwa kidogo. Penye alizeti acha miti 15 hadi 20 kwa ekari, na mingi uiweke mpakani.

Kuna hoja ya ndege pia, na haifai kupuuzwa. Wakulima wa mtama husema miti huleta kweleakwelea. Ndege hawa hupenda kulala na kuzaliana ndani ya vichaka vizito vya miiba, kwa hiyo kichaka kisichopogolewa katikati ya shamba ni mwaliko. Miti iliyonyooka, iliyo wazi chini na kutawanyika, si makazi wanayoyatafuta. Anayeanza kisiki hai na kuishia njiani, akaacha machipukizi yote, atakuwa amejitengenezea tatizo ambalo jirani zake walimwonya.

Mche wa kitalu

Kupanda kuna mahali pake pa haki: ardhi isiyo na kisiki, miti ya matunda, mbao za thamani, na mimea ya kurutubisha udongo ambayo haimo porini. Nje ya hapo, piga hesabu ya maji kwanza. Miche 100, lita 20 kwa wiki, kuanzia katikati ya Mei mvua za Dodoma zinapokuwa zimekatika hadi mwishoni mwa Novemba, ni wiki 28. Jumla yake ni lita 56,000, sawa na ndoo 2,800. Uliza nani atazibeba. Jibu karibu kila mara ni mwanamke yuleyule anayefuata maji ya kunywa kilomita mbili. Kikundi kinachoweza kulea miche 20 hadi itoke kisipande 100 ili kupendeza ripoti.

Njia ya kupunguza ndoo ni kuanza mapema. Chimba shimo la futi mbili kwa mbili, kina futi mbili, kabla ya mvua, ukitenga udongo wa juu na wa chini. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyoiva, urudishe, lakini usijaze hadi juu: acha sentimita 15 za bakuli la kukusanyia maji, na upande wa mteremko weka tuta dogo la nusu duara. Usipande siku ya mvua ya kwanza. Ngoja hadi unyevu ufike zaidi ya sentimita 30 chini, kisha panda mara moja. Kila wiki ya msimu unayopoteza ni wiki ambayo mzizi ungekuwa unashuka. Chana kiriba chote na ukitoe. Ukikuta mizizi imejiviringa chini kama kamba, ikate. Mizizi iliyojizungusha haishuki tena, na mti hufa mwaka wa pili au wa tatu bila aliyeupanda kujua sababu.

Kiangazi, chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa kifuniko na kuzikwa kichwa chini karibu na mizizi itapunguza maji yanayopotea juani. Tandaza nyasi kavu, ila ziache shubiri moja mbali na shina. Nyasi zinazogusa shina, na samadi mbichi ndani ya shimo, huwaita mchwa, na mchwa hupenda mti ulio na kiu. Mkaratusi ndio wa kwanza kuliwa; mwarobaini huachwa.

Kuhusu aina, tutaje chache zilizojaribiwa. Kwa mbao, mukau (Melia volkensii) wa Ukambani hauna mpinzani katika ukame: hukua kwenye mvua ya milimita 300 hadi 800, mbao yake haishambuliwi sana na mchwa, na huvunwa kati ya mwaka wa 10 na wa 15. Shida yake ni mbegu. Kokwa ni ngumu kama jiwe. Lazima ipasuliwe kwa kisu bila kuumiza kiini, ncha ya mbegu ikatwe kidogo, ilowekwe saa 12, ganda lake lichanwe kwa wembe, ndipo ipandwe kwenye mchanga safi uliofunikwa nailoni. Bila hatua hizo utasubiri bure, na ndiyo sababu mche wake ni ghali. Taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, kituo cha Kitui, imefanya kazi kubwa juu ya mti huu. Ukishapanda, usiuache utoe matawi chini: ng'oa vichomozi kwa kidole vikiwa vichanga, la sivyo mbao itajaa mafundo.

Mkababu (Faidherbia albida) ni mti wa ajabu kwa mkulima wa nafaka kwa sababu hupukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa kiangazi. Mahindi chini yake hayapati kivuli, bali mboji. Lakini ni wa kusubiri. Miaka ya kwanza huonekana haukui kwa kuwa unashusha mzizi. Mzizi huo huota haraka kuliko kiriba kinavyoruhusu, kwa hiyo ama panda mche ukiwa mdogo ama sia mbegu shambani moja kwa moja baada ya kuikwangua.

Mbaazi na gliricidia, mti mdogo wa jamii ya kunde, hurutubisha udongo haraka zaidi. Gliricidia imejaribiwa Kongwa pamoja na mahindi. Hukatwa chini kabla ya kupanda na majani yake kulazwa kwenye udongo, na fito zake ni kuni. Mbaazi hazihitaji kitalu, zinasiwa tu katikati ya mistari ya mahindi au mtama. Mtego wake ni huu: aina zinazochelewa hukomaa Agosti au Septemba, wakati nafaka imeshavunwa na ng'ombe wameshaachiwa mashambani. Mkulima mmoja aliyepanda mbaazi za kuchelewa katikati ya kijiji kinachochungia mabua amepanda chakula cha ng'ombe wa jirani. Chagua aina ya muda mfupi au wa kati, au kijiji kibadilishe tarehe ya kuachia mifugo.

Mti unaosifiwa kwamba hauli maji, hauliwi na mbuzi na huota popote, uuogope. Mti wa mathenge wa Baringo, Kenya, uliletwa kwa sifa hizohizo miaka ya 1980. Leo umefunga malisho na njia za maji, na maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi.

Ngitili

Ngitili hufungwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, ili nyasi na machipukizi ya miti yakue bila kuguswa. Hufunguliwa Julai au Agosti malisho mengine yanapokwisha. Zipo za familia, za ekari chache, na zipo za kijiji au kitongoji. Wamasai wana desturi inayofanana, olopololi upande wa Kenya na alalili upande wa Tanzania, ambayo kwa kawaida ni ya ndama na ng'ombe wagonjwa.

Hapa Tanzania ina jaribio la aina mbili ambalo ni vigumu kulipata kwingine. Mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Nyasi zilirudi, makorongo yakaanza kufunikwa, lakini kwa amri: wafugaji walihamishia tatizo kwa majirani, na ulinzi ulitegemea mradi. Mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulipita njia nyingine. Haukuondoa ng'ombe. Ulirudi kwenye ngitili ambazo watu walikuwa wameziacha, hasa baada ya operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 kuwatenga na maeneo yao ya zamani, na ukaacha dagashida, baraza la jadi, liseme nani anaingia lini na sungusungu walinde. Ngitili zilizobaki zikihesabika kwa mamia ya hekta zikafikia zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 ndani ya miaka kama 20. Kwetu hili linatosha kuamua: kama kijiji hakiwezi kukubaliana nani anafungua, kisianze ngitili ya pamoja, kianze na za familia.

Ukubwa unaohitajika unahesabika. Ng'ombe wa kilo 250 hula kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. Ng'ombe 20 kwa siku 90 ni kilo 10,800. Kabla ya kufungua, tengeneza fremu ya mita moja kwa moja, itupe mahali kumi, kata nyasi zote zilizomo, zianike hadi zikauke na uzipime. Wastani wa gramu 150 kwa fremu ni kilo 1,500 kwa hekta. Nusu iache ardhini kwa ajili ya mbegu na kufunika udongo, ubaki na kilo 750. Basi ng'ombe 20 wanahitaji hekta 14 na nusu hivi. Familia yenye hekta nne na ng'ombe 20 haina ngitili ya miezi mitatu, ina ya siku 25, na heri kujua hilo Julai kuliko Septemba.

Gawanya eneo vipande vitatu au vinne na uvifungue kimoja kimoja. Ukifungua lote siku moja, ng'ombe watachagua nyasi tamu kila mahali na kukanyaga zilizobaki.

Ngitili hufa kwa namna mbili, na ukame si mojawapo. Ya kwanza ni mwaka mgumu ambapo viongozi huifungua Mei "kwa dharura", na mwaka unaofuata hakuna anayeheshimu tarehe. Dawa ni kuandika dharura ndani ya sheria tangu mwanzo: kipande kipi kitafunguliwa, kwa mifugo ipi (ng'ombe wanaonyonyesha na ndama), kwa siku ngapi, na nani ana sauti ya mwisho. Ya pili ni malisho kukodishwa kwa wenye mifugo kutoka nje na fedha kutoonekana. Mkutano mkuu wa kijiji usomewe hesabu hiyo kama unavyosomewa michango ya shule.

Sheria ndogo lazima ipite njia yake: halmashauri ya kijiji iandae, mkutano mkuu ujadili, halmashauri ya wilaya iidhinishe. Vijiji vingi huishia hatua ya pili. Faini inalipwa hadi siku atakapotokea mtu mwenye ng'ombe 300 na wakili, na mahakama ya mwanzo itauliza idhini iko wapi.

Maji: mashimo, nusu duara au matuta?

Hii si njia ya nne, ni msingi wa zote tatu. Uchaguzi wake unategemea udongo na mteremko.

Mashimo ya chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha Chololo mkoani Dodoma, yana kipenyo cha sentimita 22 na kina cha 30, umbali wa 60 kati ya shimo na shimo na 90 kati ya mistari. Ndani hutiwa majivu ya kufukuza mchwa, samadi na mabaki ya mazao, kisha udongo kidogo, na mbegu moja au mbili za mtama, uwele au mahindi. Yanafaa sana udongo mgumu uliojifunga juu, ambao mvua huteleza kama kwenye sakafu. Lakini hesabu: vipimo hivyo ni mashimo kama 7,500 kwa ekari. Anayechimba 150 kwa siku atatumia siku 50. Anza robo ekari na uongeze kila kiangazi, kwa kuwa shimo lililochimbwa hutumika tena misimu inayofuata. Kwenye mbuga nyeusi usichimbe. Maji yatatuama na mizizi kuoza. Kwenye kichanga kitupu shimo litajifukia lenyewe.

Ndugu yake wa Burkina Faso, zai, ana somo la ziada. Yacouba Sawadogo wa Yatenga alichimba mashimo mapana zaidi, akayajaza samadi, na mbegu za miti zilizokuwamo kwenye samadi zikaota pamoja na mtama. Aliziacha. Kilichoanza kama shamba la nafaka kikawa msitu wa zaidi ya hekta 20. Kwa mwenye ardhi ya visiki sifuri, hiyo ni njia ya kupata miti bila kitalu wala ndoo.

Kwa malisho yaliyobaki upara, nusu duara ni bora: upana mita 5, na mita 2 na nusu kutoka katikati hadi ukingo wa mviringo, udongo ukitupwa upande wa chini, mistari ikipishana ili maji yanayokosa moja yaingie nyingine. Katika eneo la Kuku, Kajiado, chini ya Kilimanjaro, Wamasai wamechimba nyingi za aina hii na nyasi zikarudi. Bila kufunga mifugo hadi nyasi ziangushe mbegu msimu wa kwanza, ni vidimbwi tu.

Mteremko ukiwa mkali kidogo, tumia matuta ya kontua, yaani yanayokata mteremko kwa usawa mmoja. Fanya juu, mtaro wa sentimita 60 kwa 60 na udongo kutupwa upande wa juu, hujenga ngazi polepole na umeikarabati Machakos. Kutupa udongo juu ni kazi ngumu zaidi. Fanya chini ni rahisi, lakini haijengi ngazi, na tuta lisipopandwa majani mapema husombwa.

Ikibidi kuchagua leo

Shamba la familia lenye visiki, nafaka, na mifugo michache ya jirani: kisiki hai bila kusita, ukianza na ekari moja utakayoweza kuirudia. Usiongeze miche isipokuwa miembe michache karibu na nyumba, mahali maji ya kuoshea vyombo yanapofika.

Wafugaji wenye eneo la pamoja lililochoka: ngitili kwanza, kisha ndani yake lea visiki na chimba nusu duara kwenye vipara. Ukianza na kupanda miti hapo unapanda chakula cha mbuzi.

Shamba lililolimwa kwa trekta miaka mingi: mashimo na mbaazi misimu miwili au mitatu, miti mpakani, na plau ya diski isirudi.

Ardhi ya kukodi ni kesi ya peke yake. Katika vijiji vingi kupanda mti ni kudai umiliki, na mwenye ardhi akiona miche ataichukua ardhi yake kabla hujavuna. Usipande. Kisiki hai kinawezekana kwa sababu miti ni yake tangu zamani, ila yeye naye huogopa mpangaji atakayeikata kwa ajili ya mkaa. Siku ya kukodi, zungukeni pamoja na mhesabu visiki vilivyotiwa rangi. Andikeni idadi, nani atachukua fito na kuni za kupogolea na nani atabaki na mashina, kwa msimu mmoja au kwa miaka mitatu. Kama ardhi ni ya urithi na kuna wanawake katika familia wenye sehemu yao, majina yao yawemo. Kila upande ubaki na nakala, na moja ikae kwa mtendaji wa kijiji.